Kuchuma, kuvuna na kuchimba: Vitenzi vitatu vinavyopima uendelevu wa kilimo Gusii

Juma lililopita mpwa wangu anayesoma shule ya upili mjini Kisii alinijia na malalamishi. "Mjomba, watu wangu wanakufa njaa, na nimechimba kila mahali!" Watu hao ni wa ndani ya kompyuta. Wanaishi katika mchezo uitwao Oxygen Not Included, uliotolewa na kampuni ya Klei ya Kanada mnamo 2019, ambapo mchezaji hulea koloni ndogo iliyokwama ndani ya mwamba unaoelea angani. Mwanzoni wakazi hula mizizi pori wanayoichimbua. Mizizi hiyo haioti tena, ikiisha, imeisha. Asiyeanza kulima mapema huwazika watu wake.

Nilimwambia kwamba Kiswahili kingemwonya mapema, maadamu lugha yetu haina kitenzi kimoja cha kutwaa mali ardhini. Katika makala haya tutaangazia vitatu: kuchuma, kuvuna na kuchimba. Tutavipima kwa mifano ya Kisii na Nyamira, kaunti ambazo hazina ardhi ya kuchezea. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, nayo Nyamira zaidi ya 600.

Tuanze na kuchuma. Anayechuma hutwaa sehemu, akauacha mmea umesimama. Mkulima wa Kebirigo au Nyamache huchuma majani mawili na chipukizi lake, kisha hurudi kwenye mchai ule ule baada ya siku chache. Mama anayelima mgagani, ambao Wakisii huuita chinsaga, hukata ncha na kuondoa maua ili mmea uzidi kutoa majani. Anayeung'oa na mizizi yake hupata fungu moja la kupeleka sokoni, basi. Ni kutokana na kitenzi hiki ndipo tukapata nomino uchumi. Methali nayo hunena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kwa hivyo, wazo la utajiri katika Kiswahili lilizaliwa shambani, penye mti unaochumwa leo na kesho.

Kuvuna ni tofauti kidogo. Mahindi au wimbi vikishavunwa, mmea umekwisha kazi yake. Kinachobaki ni mbegu na udongo, na anayevuna hudhaniwa kwamba alipanda na kwamba atapanda tena. Hata hivyo, mbegu pekee haitoshi. Kila gunia linaloondoka shambani huondoka na sehemu ya rutuba. Katika mchezo wa mpwa wangu, mmea wa kwanza kupandwa, Mealwood, haunywi maji bali hula udongo. Mchezaji asiyetengeneza mboji hujikuta analima huku udongo wake unayeyuka. Kumbe hata kulima kunaweza kuwa kuchimba polepole!

Mkulima mwenye robo ekari Nyamira analijua hilo bila kompyuta. Mabua humwendea ng'ombe aliyefungwa zizini, samadi hurejea migombani, na maganda ya ndizi huozeshwa yakawa mboji. Akiuza mabua na samadi pia, mavuno yatapungua mwaka baada ya mwaka, hata mvua ikinyesha vizuri.

Kitenzi cha tatu ni kuchimba. Huko Tabaka, Mugirango Kusini, mafundi huchimba mawe ya sabuni na kuyachonga vinyago, bakuli na sahani zinazouzwa hadi ng'ambo. Kazi hiyo imelisha na kusomesha vizazi vingi, wala hapa hatuidharau. Ila jiwe halina mbegu. Shimo lililochimbwa jana halitajaa jiwe jingine msimu ujao.

Hapa ndipo tunapokosea kimatumizi. Siku hizi vyombo vya habari mara nyingi husema 'kuvuna mchanga' badala ya 'kuchimba mchanga'. Chanzo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Hata mwongozo wa NEMA wa 2007 kuhusu mchanga ulitumia neno la Kiingereza lenye maana ya kuvuna. Kosa hili si dogo. Anayeambiwa kwamba anavuna hutarajia msimu mwingine. Mito huteremsha mchanga mpya, ni kweli, lakini malori huuondoa kwa kasi kuliko mto unavyouleta. Vivyo hivyo, tunasema 'kuvuna maji ya mvua' ilhali wazee wetu walikinga maji. Hapo hasara ni ya msamiati tu, kwa sababu mvua hurudi. Kwa mchanga na mawe, neno lenyewe linaficha hasara.

Sasa tuutazame msamiati unaotawala mijadala hii: endelevu. Kivumishi hiki kimeundwa kwa kuongeza kiambishi -vu kwenye kitenzi endelea, sawa na tulia kuzaa tulivu, sikia kuzaa sikivu na vumilia kuzaa vumilivu. Maumbo haya hayaelezi tendo la siku moja. Mtu mvumilivu si yule aliyevumilia mara moja, bali yule ambaye kuvumilia ni tabia yake. Kadhalika, kilimo endelevu si kilichofana msimu uliopita. Ni kile ambacho kuendelea ni tabia yake, kwa kuwa kinarudisha kinachotwaa.

Walimu na wanafunzi wanaoandika insha kuhusu mazingira wajaribu kipimo hiki. Kabla ya kuandika 'kuvuna', jiulize: nani alipanda, na nini kitarudishwa? Jibu likikosekana, andika 'kuchimba' bila kuona haya. Mchimbaji anayejua kwamba anachimba huuliza maswali yanayofaa: jiwe litadumu miaka mingapi, mashimo yatafukiwa na nani, na pesa za leo zitapandwa wapi ili watoto wa Tabaka wawe na cha kuchuma jiwe litakapokwisha.