Mguu wa Kuku: Rivolva ama ya Magazini, Gani Itakulinda?

Pita kwa steji ya boda Migori jioni, ama kaa karibu na soko la samaki Homa Bay, na mjadala huu hautakosa: ukipewa leseni ya mguu wa kuku leo, utachukua rivolva ama bastola ya magazini? Kila mtu ana jibu, na wengi wamelitoa kwa muvi.

Lakini si stori ya bure. Huku watu wanabeba kesh. Kuna broka wa dhahabu wa Nyatike, ajenti wa M-Pesa pale Isebania, na mama anayefika Mbita alfajiri na pesa za kununua omena. Hofu yao ni ya kweli.

Tuanze na chuma chenyewe. Rivolva ni mzee wa kazi. Samuel Colt alipata haki ya uvumbuzi wake Marekani mwaka wa 1836. Risasi hukaa kwa silinda inayozunguka, kawaida tano ama sita. Haina mambo mengi: risasi moja ikikataa, unavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Shida ni kwamba kuvuta triga hiyo kunataka nguvu, na risasi zikiisha, kujaza zingine mikono ikitetemeka ni kazi.

Bastola ya magazini, kama zile Ceska za polisi wetu, hubeba zaidi. Glock 17, kwa mfano, hubeba risasi 17 kwa magazini, na kubadilisha magazini ni sekunde chache. Lakini ganda likikwama, lazima ujue kulitoa haraka, na hilo ni mazoezi, si bahati. Halafu kuna mtego: ukitoa magazini, risasi moja yaweza kuwa imebaki kwa chemba. Wengi wameuawa na bastola iliyosemekana ni tupu.

Kwa hivyo asiye na mazoezi mengi, rivolva itamsumbua kidogo. Mwenye mazoezi atafaidi ile ya magazini. Sawa, mjadala umeisha?

Bado. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikupi bunduki kwa sababu unaitaka. Lazima uonyeshe sababu nzuri, na uridhishe wanaotoa leseni kwamba wewe si hatari kwa umma. Cheti chenyewe hutaja aina ya silaha na idadi ya risasi. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, raia wote wenye leseni waliamriwa kuhakikiwa upya ndani ya siku 90. Na ukifyatua, korti itauliza kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokukabili. "Niliogopa" peke yake haitoshi.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna bastola inatatua. Tarehe 30 Aprili 2025, mbunge wa Kasipul, Ong'ondo Were, mtu wa Homa Bay, alipigwa risasi na kuuawa akiwa garini Ngong Road, Nairobi. Muuaji alishuka kwa pikipiki na kumpiga kwa karibu. Polisi walisema lilikuwa shambulio lililopangwa. Anayekuvizia ndiye huchagua saa na mahali. Wewe unashtukia tu, chuma chako bado kiko kiunoni. Mbaya zaidi, akijua unacho, hicho pia anakitaka.

Sasa omera, kabla hujachagua kati ya silinda na magazini, angalia njia yako. Unafunga kibanda saa ngapi? Nani anajua siku unayobeba floti? Kwa nini pesa ya omena isitumwe kwa simu? Badilisha njia, badilisha saa, tembea na mwenzako, na usihesabu noti mbele ya watu. Hayo hayahitaji leseni, na unaweza kuyaanza leo jioni.