Mchezaji Bora Huchaguliwaje?

Watu wa Bagara wakitoka Uwanja wa Kwaraa, Babati, hubishana: nani mchezaji bora?

Mfungaji bora hana ubishi. Mabao huhesabiwa. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara ya mwaka 2023/2024, Stephane Aziz Ki wa Yanga alifunga mabao 21. Feisal Salum wa Azam alifunga 19.

Lakini mchezaji bora hapimwi kwa mabao tu. Golikipa na beki nao huleta ushindi.

Basi katika ligi ya kijiji, wekeni daftari tangu mechi ya kwanza. Andikeni aliyefunga, aliyetoa pasi, aliyeokoa na aliyepewa kadi. Mwisho lisomeni mbele ya wote. Asiyeandika humkumbuka aliyeng'ara jana, akamsahau aliyetoka jasho mwaka mzima.