Udongo Unaohesabu kwa Witiri

Kwenye kona moja ya Mlima Kitonga, Iringa, pale malori yanapopumzisha injini, nilimkuta utingo amelala chini ya semi akifungua nati. Oili ikashuka, nyeusi tii, ikazunguka kokoto na kuzama. Lakini udongo pale ulikuwa mweusi hata kabla yake. Weusi ule umetoka wapi? Mlimani kuna matanuri ya mkaa, kuna moto wa nyasi kila kiangazi, kuna nguzo zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa, na kuna dizeli ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo.

Swali hilo lilinipeleka kwa mkemia wa udongo, mama wa makamo asiyependa jina lake litajwe gazetini. Nilidhani ataanza na mafuta. Akachuma jani la mwembe.

"Unaona linavyong'aa, kaka? Hiyo ni nta."

Nta ya majani nayo ina hidrokaboni, akanieleza, minyororo ya kaboni kama ilivyo dizeli. Mmea huunga kaboni mbilimbili, na mnyororo ukishakuwa mrefu huacha kaboni moja ya mwisho. Kwa hiyo minyororo ya majani karibu yote huangukia kwenye witiri: 27, 29, 31, 33. Shufwa ni za kutafuta. Geoffrey Eglinton na R. J. Hamilton waliyaandika haya mwaka 1967, na tangu hapo wapelelezi wa udongo wanayategemea.

Mafuta ya ardhini nayo asili yake ni viumbe hai. Ila yamepikwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, minyororo ikakatika popote, witiri na shufwa zikalingana. "Yamesahau kuhesabu," mama akasema, akinichorea kwa kalamu kwenye karatasi. Udongo wenye majani matupu, mashine ya maabara huuchora meno: refu, fupi, refu, fupi. Uliomwagiwa oili huchorwa kichuguu kimoja kinene, na meno ya majani yakichungulia juu yake. Niliikunja karatasi ile nikaitia mfukoni. Ninayo hadi leo.

Dizeli hujulikana kwa minyororo yake mifupi. Oili ya injini ina hopani, molekuli sugu ambazo bakteria huziacha hadi mwisho. Moshi wa nyasi na mkaa una alama zake nyingine.

"Nitakwambia ni oili, na kama ni ya zamani," akasema. "Lori gani, niletee kwanza oili ya lori lenyewe nilinganishe."

Lori lenyewe limeshavuka mpaka wa Tunduma.

Nimerudi Kitonga mara mbili. Pale konani hakuna pipa wala karai la kukingia oili. Utingo yule, injini ikichemka na tajiri akipiga simu, angeimwaga wapi? Na mvua za Desemba zikianza kuporomoka kuelekea mashamba ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni, nani atakwenda kuchota udongo wa kule chini aupime?