Damu chooni baada ya mionzi: usikimbilie kusema bawasiri

Nimo Shaw, Washington D.C., kwa binti yangu. Kutoka hapa hadi Hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard ni mwendo wa miguu. Hospitali hiyo ilirithi ile ya Freedmen's, iliyoanzishwa 1862 kuwatibu watu weusi waliotoka utumwani. Hapo ndipo alipofundisha upasuaji Dk. LaSalle Leffall, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Jumuiya ya Saratani ya Marekani. Watu weusi wa nchi hii huugua saratani ya tezi dume kuliko wenzao, na kuizungumza si aibu tena kama zamani.

Kwetu bado. Wiki iliyopita dada yangu alipiga simu kutoka Maskati: "Kaka, shemejio anatoka damu miezi mitatu. Hataki daktari, asema ataonwa utupu wake." Shemeji alimaliza mionzi ya tezi dume mwaka jana. Alipoona damu alinunua dawa ya bawasiri, akanyamaza.

Puru, yaani mwisho wa utumbo mkubwa, ipo nyuma tu ya tezi dume, na kwa wanawake nyuma ya kizazi. Mionzi ya huko huigusa nayo. Wengine huharisha na kutoa kamasi wakati wa matibabu, na aghlabu hupoa. Wengine huanza baadaye, mara nyingi baada ya miezi tisa au zaidi, hata miaka: mishipa midogo imeharibika, inavuja damu. Mama zetu waliotibiwa mlango wa kizazi pale Ocean Road, Dar es Salaam, nao wajue hivyo.

Basi daktari anatafuta nini? Anaanza mbali na huko. Anafunua kope aone kama damu imepungua, anashika mpigo, anapima presha, anabonyeza tumbo. Kisha anatazama ngozi ya tupu ya nyuma: imechubuka, ina ufa, ina tundu linalotoa uchafu?

Mwisho ndio kidole chenye glavu na mafuta. Panauma? Misuli ya kufunga imelegea? Njia imebana? Kuna uvimbe mgumu? Akikitoa, anaangalia kama glavu ina damu. Mwanamke ataulizwa kama upepo au choo hupita mbele, maana hiyo huenda ikawa fistula.

Lakini kidole kinaweza kisikute kitu na maradhi yapo. Ndipo hutumika mpira wenye kamera, kuona vijishipa vyekundu kwenye utando uliopauka, na kuhakikisha si saratani nyingine. Mwambie daktari mapema kwamba ulipigwa mionzi. Kukata kinyama ukuta wa mbele wa puru baada ya mionzi ya tezi dume kunaweza kuacha tundu lisilopona.

Tiba zipo: dawa za kuingizwa kwa nyuma, na kuunguza vijishipa hivyo kupitia mpira huohuo.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Shemeji alikwenda Jumanne. Uvimbe haukuonekana, ila glavu ilikuwa na damu na kope zimepauka. Amepangiwa siku ya kamera. Ananiambia ukaguzi ulikuwa dakika chache tu. Kilichomchosha ni miezi mitatu ya kufua nguo zake usiku, mkewe asione.