Udogo wa mbwa si kinga: Mambo ya kuzingatia unapoishi na kutembea na mbwa mdogo Busia na Tororo

Jua linapopungua makali, si ajabu kumwona mkazi wa Busia au Tororo akitembea kando ya barabara na mbwa mdogo aliyefungwa kamba, au akiwa amempakata juu ya boda boda. Mbwa wa namna hii hafugwi kwa ajili ya kulinda boma wala kuandamana na wachungaji. Yeye ni mwenzi wa nyumbani: hulala sebuleni, hucheza na watoto, na humfuata mwenyewe dukani na hata ng'ambo ya mpaka.

Ukaribu huo ndio unaoongeza wajibu wa mfugaji. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na takriban asilimia 99 ya waathiriwa huambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto ndio pia wanaomkumbatia mbwa mdogo, kumlisha kwa mkono na kumwacha awalambe usoni.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mfugaji wa mpakani anapaswa kuyafahamu kabla ya kumfungulia mbwa wake mlango.

Mpaka asioujua mbwa

Busia ni mji mmoja kwa soko na kwa undugu, lakini ni miji miwili kwa sheria. Upande mmoja ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, na upande wa pili ni wilaya ya Busia nchini Uganda, iliyomegwa kutoka wilaya ya Tororo mwaka 1997. Hata jina boda boda lina asili yake katika mpaka huu, pale waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine.

Mwezi Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande ule anaoingia. Kwa binadamu mwenye kitambulisho, safari imekuwa nyepesi. Mbwa hana kitambulisho, wala hajui kwamba amevuka.

Jinsi mbwa wa eneo hili wanavyosafiri imekwisha kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanasayansi waliwafunga mbwa 73 wa Kaunti ya Busia vifaa vya kunasa mahali walipo kwa njia ya setilaiti, kwa muda wa siku tano. Mbwa wa kiwango cha kati miongoni mwao alitembea kilomita 13.5 kwa siku. Hao walikuwa mbwa wanaozurura kwa hiari yao, na wengi wao hawakwenda mbali sana na kwao. Mwendo wao ulikuwa wa kuzunguka, kurudi na kuzunguka tena.

Kwa mwenye mbwa mdogo, maana yake ni hii: hata kama mbwa wako hatoki uani, mbwa wa wengine wanaweza kufika hapo. Ua wenye tundu, lango lililoachwa wazi au jaa lililo nyuma ya nyumba hutosha kuwakutanisha.

Kwa nini udogo si kinga?

Wako wanaoamini kwamba mbwa mdogo wa ndani hahitaji chanjo kwa kuwa "hatoki" na "hana meno ya kuumiza". Dhana hiyo ni ya hatari. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate. Jeraha dogo, mkwaruzo, au ulimi unaolamba ngozi iliyochubuka ni njia ya kutosha. Kutoka hapo virusi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kuna pia sura ya ugonjwa isiyotambuliwa kwa urahisi. Watu wengi humfikiria mbwa mwenye kichaa kuwa ni yule anayekimbia ovyo na kuuma kila anachokutana nacho. Wengine, hata hivyo, hupatwa na kichaa cha kimya: mbwa hujificha gizani, hukataa chakula, taya lake hulegea, mate humtiririka na sauti yake hubadilika. Mwenyewe hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza kidole mdomoni ili kuutoa. Kwa mbwa anayepakatwa kila siku, kosa hilo ni jepesi kutendeka. Mbwa mwenye dalili hizo asishikwe kwa mikono mitupu. Afungiwe mahali peke yake na daktari wa mifugo aitwe.

Chanjo ya kwanza hutolewa kwa kawaida mbwa anapofikisha umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Wataalamu wanakubaliana kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kwa hiyo kila mbwa anayehesabiwa, hata yule anayeenea kikapuni, huwalinda pia watoto wa jirani.

Karatasi za kuvukia

Kumpitisha mbwa kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda, au kutoka Tororo kupitia Malaba, ni kusafirisha mnyama kutoka nchi moja hadi nyingine. Urefu wa safari haubadilishi jambo hilo, wala uzito wa mnyama.

Mambo matatu ndiyo yanayotakiwa. La kwanza ni cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa kawaida chanjo hiyo iwe imetolewa angalau siku 30 kabla ya safari, na isiwe imepita mwaka mmoja. La pili ni cheti cha afya kinachotolewa na daktari wa mifugo wa serikali katika nchi anayotoka mbwa. La tatu ni kibali cha kuingiza mnyama kutoka nchi anayokwenda. Kwa Uganda, kibali hutolewa na idara ya afya ya wanyama ya Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, yenye makao yake Entebbe. Kwa Kenya, hutolewa na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, Nairobi.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba kurudi nyumbani nako ni kuingia nchi. Anayekwenda kumtembelea shangazi yake ng'ambo ya mpaka kwa siku mbili aulize mapema ni karatasi zipi zitakazomrudisha mbwa wake. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo kwa upande wa Kenya, na ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya kwa upande wa Uganda.

Kupita njia za panya ili kukwepa taratibu hizi ni kosa kisheria, lakini hasara yake kubwa zaidi ni ya kiafya. Mbwa aliyevushwa kwa siri hana kumbukumbu, na akimuuma mtu, hakuna cheti cha kumwonyesha daktari.

Saa ya kutembea na njia ya kupita

Busia na Tororo zimo karibu na ikweta, na jua la adhuhuri huko si la kuchezewa. Mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza zaidi kwa kuhema. Wale wenye pua fupi na uso uliobonyea huhema kwa taabu, na ndio wanaozidiwa haraka na joto. Matembezi yawe asubuhi na mapema au jioni. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami kwa muda wa sekunde saba: ikiwa huwezi kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia.

Barabara kuu zinazoelekea Busia na Malaba hupitisha malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda na nchi za mbali zaidi. Dereva aliye juu ya lori hamwoni mbwa mwenye kimo cha kifundo cha mguu. Kamba fupi ni ya lazima hapa, na mbwa atembee upande wako ulio mbali na magari. Juu ya boda boda, ni salama zaidi akiwa ndani ya kikapu au mfuko uliofungwa vema kuliko kushikwa kwa mkono mmoja.

Wanaopenda matembezi ya mbali huvutiwa na Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kina mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Ni mabaki ya volkano ya kale, na huonekana kutoka mbali pande zote. Njia za chini zinafaa kwa mbwa mdogo, lakini mwinuko wa juu ni mkali na miamba hushika joto. Mbebee maji na bakuli, na umruhusu apumzike kabla hajaonyesha kuchoka.

Mbung'o na kupe

Kando ya mito ya Sio na Malaba, na kwenye vichaka vinavyoelekea Ziwa Victoria, yuko adui mwingine: mbung'o. Historia ya eneo hili imefungamana naye. Tororo ndiko yalikokuwa makao ya EATRO, shirika la Afrika Mashariki lililotafiti ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Mwezi Agosti 2025, WHO ilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma. Hata hivyo, vimelea vinaweza kuendelea kuishi ndani ya wanyama.

Mbwa huugua nagana vibaya. Hupata homa, hukonda, ufizi wake hufifia rangi, tezi huvimba, na mara nyingi macho huingia ukungu mweupe. Mfugaji anayeona ukungu huo asikimbilie dawa ya macho. Ampeleke mbwa apimwe damu. Watafiti wa magharibi mwa Kenya wamewahi kueleza kwamba mbwa anayeugua anaweza kuwa ishara ya mapema kuwa vimelea vimo katika eneo, kabla binadamu hajaugua.

Mbung'o huuma mchana na huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi. Epuka vichaka vya mtoni, na usimvishe mbwa nguo ya rangi hizo. Mkirudi nyumbani, mkague masikioni, kwapani na katikati ya vidole, ambako kupe hupenda kujificha.

Heshima kwa jirani

Si kila mtu hufurahia kusogelewa na mbwa. Wako waliowahi kuumwa utotoni. Wako pia Waislamu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mfugaji mwungwana hufupisha kamba anapokaribia msikiti, soko la vyakula au kundi la watoto, na hangoji kuombwa. Kinyesi nacho kiokotwe na kufukiwa, kwa sababu huweza kubeba mayai ya minyoo inayowadhuru watoto wanaocheza mchangani.

Mbwa akimuuma mtu

Jambo la kwanza ni maji na sabuni. Osha jeraha mara moja, kwa maji yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa nyumbani. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari ndiye atakayeamua kuhusu chanjo, na ikianzishwa ni lazima dozi zote zikamilishwe kwa tarehe zilizopangwa.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Akiwezekana kufungiwa kwa usalama, awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10. Akibaki mzima katika muda huo, hiyo ni dalili kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo kumi ndipo atafute matibabu.

Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, sambamba na lengo la dunia nzima. Siaya, jirani wa Busia, ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza mpango huo. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kampeni za chanjo huandaliwa katika nchi nyingi. Wenye mbwa wadogo nao wana nafasi yao katika mistari hiyo, pamoja na wenye mbwa wa ulinzi, na cheti watakachopewa wakihifadhi pamoja na vitambulisho vyao wenyewe.