Kupiga muziki kwenye bato za watalii Ulaya: kazi iko, lakini soma kwanza

Kijana mmoja, mpiga gita wa Kadutu, alikuja hapa redioni na simu mkononi. Ujumbe aliopokea ulisema amechaguliwa kupiga muziki kwenye bato kubwa ya watalii. Atazunguka Ulaya miezi sita, atakula bure, atalala bure. Kilichobaki ni kutuma dola 350 "juu ya viza na dosiye", kwa simu, kabla ya Ijumaa. Hakuna mtu aliyekuwa amemsikiliza akipiga. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kusoma noti. Alitaka tu tumwambie: hii kazi iko kweli ao ni wongo?

Kazi iko. Ujumbe njo wa wongo. Na juu ya kuelewa tofauti hiyo, ni vizuri kujua kwanza kazi yenyewe inafanyika namna gani, kwa sababu wale matapeli wanaishi na kitu kimoja tu: sisi hatuijui.

Bato hizo si kama zile zinazotoka Bukavu kwenda Goma na magunia na kuku. Ni mji mzima unaoelea: abiria 3,000, 4,000, kubwa zaidi hupita 6,000, na wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa kuwahudumia. Kuna ukumbi wa maonyesho, bar kila ghorofa, pisini, fasi ya kucheza dansi. Usiku muziki unapigwa katika fasi nyingi kwa saa moja ileile. Kwa hiyo wanahitaji orkestre ya ukumbi, mpiga piano wa bar, waimbaji wawili wawili, wachezaji dansi, DJ, na wale wanaoitwa animatori, wanaochezesha abiria michezo mchana kutwa.

Orkestre ya ukumbi njo fasi ambapo wengi wetu tunaanguka. Mchana unapewa karatasi za noti, mnafanya zoezi mara moja, jioni unapiga nyuma ya mwimbaji ambaye hujawahi kumwona. Hakuna wakati wa kuketi na kaseti mpaka uishike. Wapiga muziki wa kwetu wana masikio ambayo mtu wa shule ya muziki angeyatamani, lakini kwenye karatasi sikio halisaidii. Kwenye bar ni tofauti kidogo: pale wanataka mtu mwenye nyimbo nyingi kichwani, na aziimbe kwa Kiingereza kinachoeleweka. Rumba ya Congo iliingia katika urithi wa UNESCO mwaka 2021, tulishangilia wote, lakini mzee wa Ujerumani aliyelipa likizo yake ataomba ABBA na Frank Sinatra. Inauma, lakini ni vile. Ukipata patro wa muziki mwenye moyo, utaingiza rumba moja saa tano za usiku, na pengine itawasimamisha watu.

Na muziki kwenye bato si kitu kigeni kwetu. Wendo Kolosoy, mwenye "Marie-Louise" ya mwaka 1948, alifanya kazi ya fundi kwenye bato za mto Congo, na gita lake lilisafiri naye bandari kwa bandari. Lakini Wendo alikuwa kwanza mtu wa bato, kisha mwanamuziki. Kwenye bato za leo pia ni hivyo, ingawa picha za mitandaoni hazionyeshi.

Kabla hujapanda jukwaani unafanya mafunzo ya usalama: kuzima moto, kuokoka majini, huduma ya kwanza. Unapewa namba na kazi yako siku ya hatari. Filimbi ya bato ikilia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu, unaweka gita chini, unavaa jaketi, unaenda fasi yako kuongoza abiria. Si mchezo wa kujaza karatasi. Mwaka 1991, bato ya Kigiriki Oceanos iliingiwa na maji karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kapiteni na maofisa wake wengi waliondoka kabla ya abiria. Mpiga gita Moss Hills, mtu wa Zimbabwe, alienda kwenye chumba cha usukani, akakuta hakuna mtu, akashika redio na kuita msaada. Yeye, mke wake aliyekuwa mpiga besi, na wasanii wenzao walisaidia kushusha mashua za kuokolea na kupandisha watu kwenye helikopta. Watu wote 571 waliokolewa. Bato ilizama tarehe 4 Agosti. Zaidi ya miaka 20 baadaye haikuwa bahati ileile: Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 wakafa. Mmoja wao alikuwa mpiga fidla, mtu wa Hungaria, aliyekuwa amewavalisha watoto jaketi za kuokolea kabla ya kurudi chumbani kuchukua fidla yake.

Sasa tuje kwenye Ulaya yenyewe, kwa sababu wengi wanaotuuliza hawaulizi habari ya mashua za kuokolea. Wanauliza: nitaona Paris? Nitaona Roma?

Chukua mzunguko mmoja wa siku saba unaojulikana sana kwenye bahari ya Mediteranea: Genoa, Civitavecchia, Palermo, Valletta, Barcelona, Marseille, kisha Genoa tena. Abiria wanaona miji sita na wanarudi kwao. Wewe unaanza upya siku ileile. Kwa kontra ya miezi sita, utapita Genoa karibu mara 26. Bato inafunga asubuhi, inaondoka jioni, na wafanyakazi wanatakiwa kuwa ndani mapema kuliko abiria. Toa hapo zoezi la usalama, zoezi la onyesho jipya, na zamu ya kubaki, kwa maana hata bandarini sehemu ya wafanyakazi lazima ibaki ndani kama moto ukitokea. Unabaki na saa tatu, nne. Mara nyingine hakuna.

Palermo ni nzuri kwa mwenye saa chache, kwani bandari iko mjini, unatembea kwa miguu mpaka Teatro Massimo, na ukiendelea utafika soko la Ballarò ambapo utakuta Waafrika wakiuza na kununua. Valletta ukitoka bandarini kuna lifti ya kukupandisha juu ya ukuta wa mji wa zamani, na saa sita mchana wanapiga mzinga. Marseille inadanganya: bato kubwa zinafunga kaskazini, mbali na mji, unahitaji basi. Lakini ukifika mtaa wa Noailles utapata ndizi za kupika na muhogo, na Kifaransa chako kitakusaidia kuliko Kiingereza cha ndani ya bato. Wengi, ukweli ni kwamba, hawaendi kuona kitu. Wanatafuta fasi yenye intaneti ya bure, wanakaa chini, wanapigia watoto nyumbani. Wakatoliki wana nyumba za Stella Maris kwenye bandari nyingi, na milango yake iko wazi kwa baharia wa dini yoyote: kiti, intaneti, mtu wa kukusikiliza.

Lakini Civitavecchia njo itakayokufundisha. Abiria wanaiita "Roma". Si Roma. Roma iko mbali, karibu saa moja kwa gari la moshi. Na hapa inaingia karatasi. Sheria ya mipaka ya nchi za Schengen inaruhusu baharia mwenye kitambulisho cha ubaharia, ambaye jina lake liko kwenye orodha ya wafanyakazi iliyokaguliwa, kushuka bila viza. Lakini anaruhusiwa kubaki katika mji wa bandari na komine zinazopakana nao tu. Mwenzako wa Brazil, ambaye pasipoti yake haidai viza ya Schengen, anapanda gari la moshi kwenda kuona Vatikani. Wewe mwenye pasipoti ya Congo, kama viza yako haikuruhusu, unazunguka Civitavecchia ukiangalia ngome na bahari. Mnapiga jukwaa moja, mnalala chumba kimoja, na Ulaya zenu ni mbili.

Viza hiyo bado utaihitaji pale mwanzo, juu bato inakungoja Barcelona ao Genoa, na kufika huko ni kwa ndege. Kutoka hapa kwetu maana yake ni safari ya Kinshasa kwanza, mapema, na dosiye iliyokamilika. Bato ikipita Uingereza, hiyo ni viza nyingine. Kadi ya manjano ya chanjo usiisahau, ile ile tunayoonyesha viwanja vya ndege.

Chumba kiko chini, mara nyingi hakina dirisha, vitanda viwili vya kupandana. Mshahara unakuja kila mwezi kwa dola ao euro, na kwa kuwa chakula na kitanda ni bure, mtu mwenye kujizuia anaweza kurudi na kitu cha kujengea. Asiyejizuia anauacha kwenye bar ya wafanyakazi. Kontra ikiisha mshahara unakatika, mpaka wakuite tena. Sheria inasema upumzike angalau saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki.

Sheria hiyo ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, uliopitishwa Geneva na kuanza kufanya kazi mwaka 2013. Ukitaka kukumbuka kitu kimoja tu katika habari hii yote, kumbuka kile mkataba unachosema juu ya makuta. Anayekutafutia kazi ya bato haruhusiwi kukudai malipo ya kukuandika ao kukuweka kazini. Unaweza kulipa mwenyewe mambo matatu: cheti cha daktari, kitabu cha baharia, na pasipoti. Viza hulipwa na mwenye bato. Rudia tena ujumbe wa kijana wetu: "dola 350 juu ya viza". Hapo tu tulijua.

Angalia pia ni nani anayetia sahihi kwenye kontra. Wapiga muziki wanane wa Titanic, waliokufa wote mwezi wa Aprili 1912, hawakuwa watu wa kampuni ya bato. Waliajiriwa na wakala wa Liverpool, na walisafiri kwa tiketi za abiria wa daraja la pili. Familia zilipoomba msaada, kampuni ilisema hawa si wafanyakazi wetu. Baba wa mmoja wao alipokea barua ya wakala ikimdai deni la sare ya mtoto wake. Leo mkataba unataka kontra iandikwe jina la mwenye bato, mshahara, likizo, na haki yako ya kurudishwa nyumbani bila kulipa. Karatasi isiyo na mambo hayo, hata ikiwa na muhuri wa rangi tatu, si kontra.

Anayetafuta mwanamuziki kweli ataomba video kwanza: nyimbo kadhaa, bila kukata, wewe ukionekana mikono na uso. Kisha atakupigia, atakusikia unaongea Kiingereza, atakutumia noti na kukuambia piga. Ni siku nyingi, na mara nyingi jibu ni hapana.

Kijana wa Kadutu hakutuma dola 350. Alitupigia gita pale studio, dakika kumi, na fundi wetu wa sauti alisahau kuzima taa ya kurekodi, kwa hiyo tunayo. Tutaicheza Jumamosi kwenye kipindi cha muziki. Anatafuta mtu wa kumfundisha kusoma noti, jioni, bei ya kuelewana. Kama ni wewe, ao unamjua mwalimu wa kwaya mwenye subira, pita hapa ofisini, tutawakutanisha.