Kwa Baiskeli Katika Milima ya Uluguru

Likizo inapowadia, vijana wengi hutamani safari za mbali, na hali neema za Mwenyezi Mungu zi karibu nao. Kwa jamaa zetu wa Morogoro, na wageni wao watokao Dar es Salaam, twapendekeza baiskeli na njia za Uluguru.

Anayeanza na ashike njia ya Bigwa, milima ikiwa kuumeni kwake. Mwenye nguvu na apande Morningside, penye nyumba ya mawe ya zama za Wajerumani. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari. Morningside imepita 1,200. Pengine utaisukuma baiskeli, wala si aibu.

Lakini hatari kubwa haimo katika kupanda. Imo katika kushuka. Mvua ikinyesha udongo huteleza, na nyuma ya kona huenda yupo mama aliyejitwika ndizi kwenda sokoni. Njia ni yake kabla haijawa yetu. Basi wazazi, zikagueni breki kabla vijana hawajatoka. Nanyi vijana, shukeni polepole, pigeni kengele mapema, na mkimfikia mama huyo simameni, mumwamkie, mumpishe.

Juu zaidi ni msitu, hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Usiingie bila kibali. Humo huanzia vijito vya mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Atupaye taka huko huenda anamtilia ndugu yake mtungini.